Fisi si Mbwa, wala Popo si Ndege: Kuwafundisha Watoto Kupanga Viumbe

Mtoto aingiapo darasani mara ya kwanza huwa amekwisha kufundishwa kupanga viumbe, ingawa hakuna aliyemwambia kwamba hilo ni somo. Lugha yenyewe imemfundisha. Atasema kiti kimevunjika na kikombe kimeanguka, lakini hatasema kifaru kimekuja. Atasema kifaru amekuja, kipepeo ameruka, kiroboto ameuma. Majina yote hayo huanza kwa sauti moja, na hata hivyo masikio ya mtoto yanajua ya kuwa kifaru na kipepeo wana uhai, na kiti hakina. Tena husema mwembe na embe, mchungwa na chungwa, akitenga mti na tunda lake pasipo kufikiri. Mafungu hayo ya majina huitwa ngeli; na wataalamu wa viumbe waandikao Kiswahili, walipohitaji jina la mojawapo ya ngazi zao, walilitwaa neno hilo hilo.

Lakini lugha humfikisha mtoto mlangoni tu. Husema mti umeanguka kama isemavyo mkate umeanguka, na kumbe mti una uhai: hula, huvuta pumzi, hukua na kuzaa. Neno wadudu nalo hukusanya kupe, buibui, nge, jongoo na siafu, kana kwamba wote ni wa nyumba moja. Na sokoni viazi vitamu, viazi vikuu na viazi vya Ulaya, ambavyo watu wengi huviita waru, hupangwa karibu karibu na jina lao ni moja, ingawa kwa asili si ndugu wa karibu hata kidogo. Kiazi kitamu ni wa ukoo wa mimea itambaayo yenye maua mfano wa tarumbeta. Kiazi kikuu ana ukoo wake mwingine. Na waru, ambaye kwao hasa ni milima ya Amerika ya Kusini wala si Ulaya, ni ndugu wa nyanya na pilipili.

Mama auzaye viazi hivyo hakukosa. Yeye amepanga kwa matumizi, yaani vitu vichimbwavyo ardhini na kupikwa, na mpango huo unamfaa mpishi. Mwalimu wa viumbe hupanga kwa njia nyingine, nayo ni udugu: nani amefanana na nani katika umbo la ndani na katika kuzaliwa, hata kama mmoja anakaa majini na mwingine mtini. Mtoto asipoelezwa mapema kwamba mipango hiyo ni miwili, na kwamba kila mmoja una kazi yake, ataona kwamba anayofundishwa shuleni yanapingana na aliyojifunza nyumbani, naye ataishika ile ya shuleni kwa ajili ya mtihani tu.

Somo hili huharibika upesi linapoanza ubaoni. Waalimu wengine huandika majina ya ngazi saba, watoto wakayaimba kwa sauti mpaka wakayajua kwa moyo, na mwisho wa juma hakuna mtoto awezaye kusema kwa nini popo si ndege. Ni afadhali kuanza na vitu vyenyewe. Watoto na waambiwe walete majani, maua, maganda ya mbegu, manyoya, magamba ya konokono, na wadudu waliokwisha kufa. Wasiguse nyoka wala nge, wala wasitie mkono katika mashimo. Vitu vyote vikiisha kuwekwa juu ya meza, mwalimu asiseme neno ila hili: vipangeni mafungu mawili, kisha mtuambie sababu.

Fungu la kwanza huwa kwa rangi au kwa ukubwa, na haidhuru. Mwalimu na aulize: je, kuku mweupe na kuku mweusi ni wa mafungu mbalimbali? Watoto watacheka, na rangi itaachwa. Baadaye wengine watapanga kwa makao, wa majini na wa nchi kavu, mpaka mmoja atakapouliza chura akae wapi. Hapo ndipo inapofaa kuwaacha wabishane kidogo, maana mtoto aliyeshindana kwa ajili ya chura hatasahau somo hilo.

Mwishowe waambiwe wahesabu miguu. Siafu ana miguu sita, kipepeo sita, mende sita, panzi sita. Hao ndio wadudu hasa. Buibui ana minane, na nge vile vile, na kupe vile vile, kwa hiyo kupe ni ndugu wa buibui wala si wa kiroboto, ingawa kupe na kiroboto wote wawili hunyonya damu. Mtoto mwenye macho makali aweza kuleta kupe mdogo sana na kusema kwamba amehesabu miguu sita. Asikemewe, maana amesema kweli: kupe atokapo katika yai huwa na miguu sita, naye hupata minane ajivuapo ngozi baada ya mlo wake wa kwanza. Hivyo darasa litajua ya kuwa haifai kumhukumu kiumbe kwa alama moja wala kwa umri mmoja. Yataka kutazama mwili wote, na maisha yote.

Popo ndiye mfano unaojulikana kuliko wote. Ana mabawa, huruka usiku, na watu wengi wamemhesabu kuwa ni ndege wa ajabu. Lakini hana manyoya ya ndege, ana nywele. Hatagi yai, huzaa. Na mtoto wake hunyonya maziwa ya mama yake. Bawa lake ni mkono wenye vidole virefu uliotandikwa ngozi. Nyangumi naye hukaa baharini maisha yake yote, na hata hivyo huvuta pumzi ya hewa, huzaa na kunyonyesha. Basi popo na nyangumi na ng'ombe ni wa ngeli moja, ngeli ya mamalia, na mwanadamu yumo humo humo.

Fisi huwashangaza watoto zaidi, kwa sababu kila amtazamaye humwona kuwa ni mbwa mbaya. Wala si watoto tu. Mtaalamu mkubwa wa kazi hii, Carl Linnaeus wa Uswidi, aliyezaliwa mwaka 1707 na kufa mwaka 1778, alipomwandika fisi katika kitabu chake mwaka 1758 alimtia katika jamaa ya mbwa. Waliokuja nyuma yake walichunguza mifupa ya sikio, na siku hizi zimechunguzwa hata chembe za urithi zilizomo ndani ya mwili, ikaonekana kwamba fisi yu karibu zaidi na paka na nguchiro kuliko mbwa. Kufanana kwake na mbwa kumetokana na kazi: afukuzaye mawindo kwa mbio ndefu na kuvunja mifupa hupata miguu na taya za kumfaa kazi hiyo, awe wa ukoo huu au ule.

Tena yuko pimbi, yule mnyama mdogo akaaye katika miamba, ambaye ukimwona ghafula utasema ni panya mkubwa asiye na mkia. Ndugu zake wa karibu walio hai leo ni tembo, na nguva wa baharini, ambaye bado huonekana mara chache katika maji ya pwani ya Kenya. Mambo haya ni magumu kusadiki, na mwalimu asione haya mtoto akikataa. Na aonyeshe alama. Kucha za pimbi, ila moja katika kila mguu wa nyuma, ni bapa mfano wa kwato ndogo. Meno yake mawili ya juu hayaachi kukua, kama pembe za tembo, ambazo nazo ni meno ya mbele ya taya ya juu. Na mimba yake huchukua miezi 7 na zaidi, hali mnyama mwenyewe ni wa ukubwa wa sungura. Panya hubeba mimba yake kwa majuma 3 hivi.

Linnaeus aliyetajwa hapo juu hakuwa mtu wa kwanza kupanga viumbe, lakini ndiye aliyeufanya mpango uliofuatwa na dunia nzima. Kitabu chake cha kwanza cha kazi hiyo kilitoka mwaka 1735, kikiwa na kurasa chache tu. Katika kitabu hicho nyangumi alikuwa bado katika samaki. Mwaka 1753 alitoa kitabu kikubwa cha mimea, na mwaka 1758 alitoa chapa ya 10 ya kile cha kwanza, ambamo nyangumi alihamishwa akatiwa pamoja na wanyama wanyonyeshao. Hata hapo si yote yaliyokuwa sawa: popo alimweka fungu moja na nyani na binadamu, na kifaru akamweka pamoja na panya na sungura! Yafaa watoto waambiwe hayo waziwazi. Elimu hii haikushuka imekamilika. Imesahihishwa mara nyingi, na wenye kuisahihisha walikuwa watu waliotazama tena kwa uangalifu kitu ambacho wengine walidhani kinajulikana.

Jambo lake lililodumu ni jina la maneno mawili. Mnyama mmoja katika Kenya aweza kuwa na majina makumi kwa lugha za wenyeji, na yote ni mazuri kwao; lakini daktari wa mifugo wa Kisumu akitaka kuandikiana na mwenzake wa Brazil, hawana budi kuwa na jina moja. Simba huitwa Panthera leo, na chui Panthera pardus. Neno la kwanza ni kama jina la ukoo, la pili ni lake mwenyewe. Basi mtu asiyewahi kuwaona wanyama hao hujua papo hapo kwamba ni ndugu. Duma huitwa Acinonyx jubatus. Naye ni wa familia ya paka, lakini jina lake la kwanza laonyesha kwamba udugu wake na simba ni wa mbali zaidi.

Ngazi zenyewe, tangu kubwa hata ndogo, ni himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Mtoto aishikaye njia ya simba ataweza kuifuata ya kiumbe cho chote: himaya ya wanyama, faila ya wenye ugwe wa mgongo, ngeli ya mamalia, oda ya wala nyama, familia ya paka, jenasi Panthera, spishi simba. Ni kama mtu aulizwapo atokako, naye akataja nchi, wilaya, lokesheni, kijiji, mlango wa baba yake, na mwisho jina lake.

Zamani ilisemwa kwamba himaya ni mbili tu, ya wanyama na ya mimea, na uyoga ulitiwa katika mimea kwa kuwa haendi. Lakini uyoga hauna majani mabichi wala haujipikii chakula kwa jua. Huishi kwa kula vitu vilivyooza au vilivyo hai. Mwaka 1969 Robert Whittaker wa Marekani alitoa mpango wa himaya tano, uyoga na kuvu wakiwa na himaya yao peke yao, na tangu hapo mpango umebadilishwa tena kwa ajili ya bakteria na viumbe wengine wasioonekana kwa macho. Majina nayo hubadilika. Migunga ya Afrika iliyojulikana miaka mingi kwa jina la Acacia iligawanywa baada ya mkutano wa wataalamu wa mimea uliofanyika Vienna mwaka 2005. Jina la Acacia likabaki kwa jamaa zao wa Australia, na ile ya kwetu sasa huandikwa Vachellia au Senegalia. Watu wengi wa Afrika hawakufurahi, na vitabu vya shule vilivyo kabatini bado vina jina la kale.

Mzazi aweza kuuliza: mtoto wangu atakula nini katika majina haya? Jibu liko shambani, nalo ni la fedha. Mwalimu na achukue ua la waru, ua la nyanya, ua la biringanya na ua la mnavu, ule ambao wengi huuita managu, ayaweke juu ya karatasi moja. Hata mtoto wa darasa la chini ataona kwamba ni ua lile lile kwa ukubwa na rangi mbalimbali: petali tano zilizoungana mfano wa nyota, na katikati vijiti vya manjano vilivyosimama pamoja. Tena mwaru ukiachwa huweza kuzaa vitunda vya kijani mfano wa nyanya changa. Vitunda hivyo ni sumu, na watoto waonywe wasile. Vile vile viazi vilivyopigwa na jua vikageuka kijani vina sumu hiyo.

Ndugu hao hurithiana magonjwa. Uko ugonjwa wa mnyauko uletwao na bakteria akaaye katika udongo. Mmea huanza kunyauka mchana hali bado ni mbichi, na baada ya siku chache hufa. Mkulima aonapo waru wake umekufa hivyo, akaamua msimu ujao kupanda nyanya mahali pale pale ili afidie hasara, amemwandalia adui chakula cha pili. Akiacha nyanya na kupanda pilipili au biringanya, hajamponyoka, maana hizo nazo ni za familia ile ile. Hata mnavu uotao wenyewe kando ya shamba waweza kumtunza bakteria huyo mpaka waru urudi. Lakini mahindi au ngano si wa ukoo huo, wala hawampi chakula. Ndiyo sababu maofisa wa kilimo husisitiza nafaka zifuate baada ya waru wenye ugonjwa, tena kwa misimu kadhaa, si mmoja.

Ugonjwa huo waweza kujulikana darasani. Shina la mmea ulionyauka likatwe karibu na ardhi, kipande chake kitiwe katika gilasi ya maji safi na kushikwa wima bila kutikiswa. Baada ya dakika chache, kama ni bakteria huyo, nyuzi nyeupe kama maziwa zitaonekana zikishuka kutoka katika shina. Maji hayo yasimwagwe shambani, na kisu kioshwe vizuri kwa dawa ya kuulia vijidudu.

Familia ya nyasi ni kubwa, nayo hulisha watu wengi kuliko nyingine yo yote: mahindi, ngano, mpunga, mtama, wimbi, miwa, hata mianzi. Viwavijeshi wa Afrika, ambao nondo wao huletwa na upepo wakati wa mvua, hula karibu familia hiyo peke yake. Wakipita katika shamba la mahindi yaliyochanganywa na maharagwe huweza kuyamaliza mahindi na kuyaacha maharagwe yamesimama. Mwenye kujua udugu wa mimea atajua pia kwamba malisho ya ng'ombe yamo hatarini, kwa sababu nayo ni nyasi. Lakini kiwavijeshi aliyeingia Afrika kutoka Amerika, akatambuliwa Afrika ya Magharibi mwaka 2016 na Kenya mwaka 2017, ni spishi nyingine ya jenasi ile ile. Yeye hupenda mahindi zaidi, ila aweza kula mimea ya familia nyingi, tena hujificha ndani ya kikonyo cha hindi ambamo dawa haimfikii kwa urahisi. Hutambulikana kwa madoa manne meusi yaliyopangwa mraba karibu na mwisho wa mgongo wake. Watu wawili wakiitana shambani kwa jina moja la kiwavijeshi, huku kila mmoja ana wake akilini, watagombana bure juu ya dawa.

Udugu huleta faida pia. Maharagwe, kunde, mbaazi na njugu ni wa familia ya mimea yenye maganda ya mbegu, na migunga ni jamaa yao. Mtoto akichimba mharagwe taratibu ataona vinundu katika mizizi. Akikata kimoja na kukikuta chekundu ndani, hapo bakteria wa kheri wako kazini wakitwaa naitrojeni hewani na kuilisha mimea.

Zoezi la mwisho ni la mbu, nalo halihitaji chombo ila bakuli jeupe. Mbu wote si wamoja. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, huko India, alionyesha kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu wa jenasi Anopheles. Mbu wa Culex hawaenezi malaria ya watu, ingawa katika pwani huweza kueneza matende. Hata Anopheles gambiae, aliyedhaniwa kuwa spishi moja, aligunduliwa kuwa ni kundi la spishi zifananazo kabisa kwa macho. Wengine hupenda kuuma watu ndani ya nyumba, wengine huuma ng'ombe pia, na nje. Kwa hiyo chandarua kimzuiacho mmoja hakimtoshi mwingine.

Mwalimu na achote maji ya dimbwi lililo karibu na shule, ayaache yatulie katika bakuli. Viluwiluwi vitapanda juu kuvuta pumzi. Vile vinavyoning'inia kichwa chini, vikiwa na mrija mkiani, si vya Anopheles. Vile vinavyolala sawasawa na uso wa maji, kama kijiti kielea, ndivyo vyake. Watoto wahesabu vya kila namna na kuandika tarehe na mahali palipochotwa maji, na baada ya juma moja wachote tena mahali pale pale. Maji yakiisha kutazamwa yamwagwe juu ya ardhi kavu, palipo jua, mbali na mtaro.